Rungu la Babu Niliuza Mia Nane

Wacha nianze na aibu yangu kabla mtu hajaianika kwa komenti. Mwaka wa 2022, miezi michache baada ya kuacha chuo, niliuza rungu la marehemu babu yangu kwa jamaa mmoja anayeuzia watalii vinyago kando ya barabara. Yeye alianza na mia tano, mimi nikasema elfu, tukakutana mia nane. Mia mbili nikanunua bando, mia tatu nikalipa deni la kibanda, hizo zingine hata sikumbuki zilienda wapi. Kogo, yaani nyanya yangu, hakujua. Sasa mnajua nyinyi wote, tuendelee.

Kilichonirudisha kwa hii stori ni birika.

Juzi usiku usingizi umekataa, nikaangukia video ya mnada wa vitu vya kale huko Uingereza. Mzee mwenye glavu nyeupe ameshika birika kubwa la kahawa la fedha. Fedha ya silva, si pesa. Lile la kuwekwa mezani, lina miguu, mikono miwili na kibomba chini cha kufungulia, kama ule mtungi wa chai wa kwa matanga, ila huu umetengenezewa matajiri. Mzee akaligeuza, akalisoma kwa chini kama askari anayesoma kitambulisho. Kwa dakika mbili alikuwa ameshasema mji lilikotengenezwa, mwaka na fundi. Halafu akaonyesha nembo ya familia iliyochorwa ubavuni, akataja nani alilinunua, nani alilirithi, nani alifilisika akaliuza. Watu wakaanza kuinua mikono, bei ikapanda.

Nilisimamisha video. Kitu cha kuwekea kahawa kinajulikana ukoo wake kwa zaidi ya miaka mia mbili. Mimi babu wa babu yangu simjui jina. Nikakesha nikisoma.

Kumbe Waingereza walianza hii mambo kitambo sana. Mwaka wa 1300 sheria yao ilisema kila chombo cha fedha kipimwe, kikipita kipigwe chapa ya kichwa cha chui. 1363 wakamlazimisha fundi kuweka alama yake mwenyewe, ili chombo kikipatikana feki ajulikane nani wa kukamatwa. 1478 ikaongezwa herufi inayoonyesha mwaka, na 1544 akaingia simba anayetembea, maana yake hii ni fedha halisi, sehemu 925 kwa kila 1,000. Kichwa cha chui siku hizi kinamaanisha London. Ukiona nanga, hiyo ni Birmingham. Kati ya 1784 na 1890 kulikuwa hata na kichwa cha mfalme au malkia kuonyesha kodi imelipwa. Ni kama ile stika ya KRA kwa chupa ya pombe, ila hii haibanduki.

Kuna mama anaitwa Hester Bateman. Mume wake, aliyekuwa fundi, alikufa 1760 akamwachia watoto na karakana. Mwaka uliofuata akaenda kuandikisha alama yake mwenyewe, herufi mbili tu, HB. Huyu mama hakujua kusoma wala kuandika. Lakini karakana yake ilitoa vijiko, mabirika, mitungi, mpaka leo mtu akigeuza kitu chake anasema "Huyu ni Hester" na bei inabadilika. Amekufa 1794. Herufi mbili zimemweka hai miaka yote hiyo.

Baada ya chapa kuna kitu cha pili ambacho wanunuzi wa vitu vya kale wanapenda kuliko hata silva yenyewe: mlolongo wa wenyewe. Nani alikuwa nacho, kikatoka kwake kikaenda kwa nani, mwaka gani, kwa njia gani. Alinunua? Alizawadiwa? Alirithi? Mabirika mawili ya uzito mmoja na fundi mmoja yanaweza kuuzwa bei tofauti kabisa kwa sababu moja lina makaratasi na lingine halina. Na mlolongo ukiwa na pengo, watu wanaanza kuulizana maswali. Kwa nini hapa katikati hakuna jina? Isije ikawa hiki kitu kiliibwa.

Si ati hizo chapa zinasema kila kitu. Kahawa yenyewe, miaka hiyo ya 1780, nchi iliyotoa nyingi kuliko zote duniani ilikuwa koloni la Ufaransa ambalo leo ni Haiti, na aliyeichuma alikuwa mtumwa. Birika lina alama ya fundi, ya mji, ya mwaka na ya mfalme. Ya yule mchumaji haimo. Mimi nimezaliwa katikati ya majani chai hapa Kericho, kwa hivyo hilo sikuhitaji mtu anifafanulie.

Sasa turudi kwa rungu.

Yule jamaa wa vinyago aliniuliza swali moja tu: "Hii ni ya nani?" Nikamjibu, "Ni ya zamani tu." Maneno manne. Akalipanga kwa meza na wenzake, karibu na ngao na vikuku vya shanga. Nilipita hapo wiki iliyofuata nikasikia akimwambia mtalii hayo yote ni marungu ya Kimaasai. Babu yangu Mkipsigis kutoka kando ya Bomet amegeuzwa Mmaasai kwa siku saba, na niliyeanzisha ni mimi.

Hapo ndipo nilipokumbuka fimbo za Koitalel. Najua shuleni mlipewa aya moja tu ya mtihani, kwa hivyo nisikizeni.

Koitalel arap Samoei alikuwa Orkoiyot wa Wanandi, kiongozi wa kiroho na wa vita, wa ukoo wa Talai. Kwa karibu miaka kumi watu wake walisumbua Waingereza na reli yao. Waya za simu zilikuwa zinakatwa zinageuzwa vikuku, vyuma vya reli vinageuzwa silaha. Tarehe 19 Oktoba 1905, afisa wa King's African Rifles anayeitwa Richard Meinertzhagen alipanga kukutana naye wazungumze amani. Koitalel alikuja. Meinertzhagen akampiga risasi kwa karibu, wakati wa kusalimiana, na wengi wa waliomsindikiza wakauawa pale pale. Halafu akachukua vitu vya marehemu, pamoja na fimbo yake ya kutembelea na rungu lake la uongozi. Akaenda navyo kwao.

Yeye alijitetea kwamba ni Koitalel aliyekuwa amemwekea mtego. Wenzake walimchunguza zaidi ya mara moja na wakamsafisha, lakini mwaka wa 1906 aliondolewa Afrika maanake harufu ya hiyo stori ilikuwa imefika London.

Sasa jiulize, mlolongo wa hiyo fimbo ungeandikwa vipi kwa mnada? "Mali ya Orkoiyot wa Wanandi. Kisha mali ya afisa wa jeshi." Kati ya hayo majina mawili kuna nukta. Ndani ya hiyo nukta kuna risasi.

Na kuna sehemu inayonichekesha kwa uchungu. Huyu Meinertzhagen baadaye alikuja kuwa jina kubwa kwa mambo ya ndege wa porini. Alikusanya ngozi za ndege kwa maelfu, kila moja na kikaratasi mguuni: ilipatikana wapi, tarehe gani, na nani. Akazitoa zawadi kwa makumbusho ya London, akapewa heshima zake, akafa 1967 akiwa mzee wa kuaminika. Miaka ya 1990 wataalamu wakaanza kuzikagua moja moja. Wakakuta nyingi ni za wizi. Alikuwa anaingia kwa makumbusho, anaiba ndege aliyekusanywa na mtu mwingine, anabandua kikaratasi cha mwenyewe, anabandika chake chenye mahali pa uongo na tarehe ya uongo.

Kuna bundi mmoja mdogo wa India aliyedhaniwa ametoweka duniani. Meinertzhagen alikuwa amedai alimpata yeye mwaka wa 1914, mahali fulani. Watu wakamtafuta huko, hakuna kitu. Mtafiti Pamela Rasmussen alipogundua kikaratasi ni feki, yeye na wenzake wakaachana na huo uongo wakaenda kutafuta kule ambako rekodi za kweli zilisema. Novemba 1997 wakamwona, yuko hai, ametulia kwa mti.

Yaani kikaratasi kimoja cha uongo kilificha ndege mzima kwa miongo mingi. Na mtu aliyekiandika ndiye yule yule aliyetuandikia jinsi Koitalel alivyokufa.

Fimbo na rungu zilikaa Uingereza miaka mia moja. Mwaka wa 2006, baada ya watu wa Nandi kufuatilia, familia ya Meinertzhagen ikazirudisha. Hilo niwape haki yao, walirudisha. Na unajua kilichowezesha? Wanandi walikuwa wanajua hasa ni vitu gani vilichukuliwa, vya nani, siku gani, na nani. Hawakuwa na chapa ya simba wala kichwa cha chui. Walikuwa na wazee waliohadithiana kwa karne nzima bila kukosa mtu wa kusimulia. Na bado hawajamaliza: wazee wa Talai wanasema kichwa cha Koitalel pia kilikatwa kikapelekwa Uingereza, na hicho wanakidai hadi leo.

Kama unaona hayo ni ya Nandi na sisi wa Kericho na Bomet hayatuhusu, tulia. Mwaka huo huo wa 1905 jeshi lilishuka Sotik, ambayo leo iko kaunti ya Bomet, likaua watu na kuswaga ng'ombe. Ndugu yake Koitalel, Kipchomber arap Koilegen, ndiye aliyekuwa Orkoiyot wetu sisi Wakipsigis. Mwaka wa 1914 serikali ya kikoloni ilimfukuza huku ikampeleka upande wa Mlima Kenya, na hakurudi akiwa hai. 1934 wakatunga sheria maalum ya kuwahamisha Talai wote. Watu kwa mamia, wazee na watoto wachanga, wakapelekwa Gwassi, kando ya ziwa, kwenye mbung'o na malaria, na wakakaa huko miaka.

Wakati huo huo hapa nyumbani majani chai yalikuwa yanapandwa. Na ardhi, tofauti na rungu la babu, ina makaratasi mazuri sana. Brooke Bond waliingia miaka ya 1920. Mwaka wa 1984 Unilever wakainunua Brooke Bond. 2022 Unilever wakamaliza kuuza biashara yao kubwa ya chai kwa CVC, kampuni ya uwekezaji, kwa bei iliyotangazwa ya yuro bilioni 4.5. 2023 Finlays nao wakauza mashamba yao ya hapa kwa Browns wa Sri Lanka, na 2024 Browns hao hao wakatangazwa kuwa wanunuzi wa yale mashamba mengine. Kila hatua ina tarehe, bei na wakili. Soma kutoka leo ukirudi nyuma, mlolongo ni safi, hadi ufike ukurasa wa kwanza kabisa. Hapo mwenyewe wa kwanza anaandikwa ni Taji la Uingereza. Kabla ya hapo, eti, hakukuwa na mtu. Ndiyo maana 2022 Wakipsigis na Talai walipeleka kesi yao hadi Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Kwa lugha ya wale wazee wa glavu nyeupe, walienda kuonyesha pengo.

Najua kuna mtu tayari anaandika: "Wewe uliuza mwenyewe, unamlaumu mzungu kwa nini?" Boss, uko sawa. Mimi sikuelekezewa bunduki. Kuua mtu na kuchukua fimbo yake si sawa na kuuza rungu kwa sababu ya njaa ya bando, na sitajifanya ni kitu kimoja. Lakini kile kitu kikishafika mezani kwa watu, kimefanana. Hakina jina, na mtu yeyote anaweza kukibandika kikaratasi anachotaka. Tofauti ni kwamba fimbo ya Koitalel ilikuwa na watu waliokataa kusahau. Rungu la babu lilikuwa na mimi.

Mwingine atasema rungu ni rungu, kibao cha mti, tuwache drama. Hata birika ni bati tu la bei ghali ukilikosea majina.

Mwezi jana nilirudi nyumbani. Kogo alikuwa jikoni anasafisha kibuyu cha mursik kwa ile fagio ya kijiti. Kibuyu kina shanga shingoni, na nikamwuliza, kwa mara ya kwanza maishani, hicho kilitoka wapi. Hata hakufikiri. Akaniambia kilitoka kwa mama yake, na hizo shanga ni za mkono wa mama yake, angezijua hata gizani. Akanionyesha kingine, cha dada yake. Mimi nimekunywa maziwa kwa hivyo vibuyu miaka ishirini nikidhani ni vibuyu tu.

Halafu akaniuliza, "Weri, na rungu la babu yako liko wapi?"

Nikamwambia. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Hakunitukana, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Aliendelea kusugua kibuyu. Baadaye akaanza kuongea, polepole, na mimi nikawasha simu nikarekodi.

Rungu lilichongwa na baba ya babu, kwa mzeituni wa mwituni, tunauita emitiot. Ule waya wa shaba shingoni, ambao yule jamaa wa vinyago aliniambia ndio unaopendeza watalii, babu aliuweka mwenyewe mwaka ambao wazee wa kokwet walianza kumwita kusikiliza kesi za mipaka. Kulikuwa na ufa, akaufunga na waya badala ya kutafuta lingine, kwa sababu lilikuwa la baba yake. Akiwa kwa kikao analilaza kwa nyasi mbele yake, na likiwa limelala hapo hakuna mtu wa kupaza sauti. Ile alama ya kuungua upande mmoja ni ya usiku jiko liliposhika moto, na kitu cha kwanza babu alichotoa baada ya watoto ni hilo rungu.

Nikamwuliza mbona hakuwahi kuniambia. Akasema, "Kuandika sijui. Kusema najua. Hukuuliza."

Nilirudi kwa yule jamaa wa barabarani. Liliuzwa kitambo. Anakumbuka tu walikuwa wazungu kwa gari la kukodi, na kwamba waliuliza lilikuwa la nani, naye akawaambia ni la mpiganaji wa Kimaasai. Kwa hivyo mahali fulani duniani kuna ukuta wa sebule, na ukutani kuna rungu la babu yangu, na chini yake stori ambayo si yake.

Mimi si mwanahistoria, chuo chenyewe sikumaliza. Lakini una simu. Kila mtu anayesoma hii ana simu inayopiga picha na kurekodi sauti. Jumamosi ukienda ushago, kabla ya kupiga picha ya majani chai na kikombe, chukua kitu kimoja cha kwenu. Kiti cha babu, kibuyu, redio ya zamani, kitambulisho cha kipande kama bado kipo. Kipige picha pande zote, hadi chini. Halafu muulize aliye mzee kuliko wote hapo nyumbani maswali manne: nani alikitengeneza, nani alikuwa nacho, kilifikaje kwetu, hii alama ni ya nini. Mrekodi kwa lugha yake. Andika tarehe. Nakala moja itume kwa mtu mwingine wa familia, maanake simu zinaibwa.

Na kama familia yenu iko huko nje na mlinunua rungu barabarani Kericho mwaka wa 2022, mti mweusi unaong'aa, waya wa shaba shingoni, alama ya kuungua upande mmoja, haya ndiyo makaratasi yake. Sikudai hela. Nataka tu muyaweke pamoja nalo.

Rungu. Mzeituni wa mwituni, emitiot. Lilichongwa na baba ya babu yangu, Mkipsigis, upande wa Bomet. Likarithiwa na babu yangu, mzee wa kokwet, aliyelifunga waya. Likahifadhiwa na mjane wake, ambaye yuko hai na anajua kila kitu kulihusu. Likauzwa bila ruhusa yake na mjukuu wake mwaka wa 2022, kwa shilingi mia nane. Huyo mjukuu ni mimi.